Safari ya siku nane iliyowapeleka watoto kazini kwa baba yao

Wapo kina baba ambao nyumbani wanajulikana zaidi kwa mlio wa simu kuliko kwa sura. Si kwamba wameitelekeza familia. Ada inalipwa, unga haukosekani, na mwisho wa mwezi muamala unaingia. Ni madereva wa malori ya masafa, askari, wachimbaji, wavuvi wa dago, mafundi wa barabara. Watu ambao kazi yao yenyewe ni kuwa mbali.

Familia inayozungumziwa hapa inaishi Makambako, mkoani Njombe, mji uliokua kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Baba ana miaka 43, na kwa miaka 16 ameendesha lori kati ya bandari ya Dar es Salaam na migodi ya shaba ya Zambia na Kongo. Nyumba yake iko jirani kabisa na barabara hiyo. Mara nyingine hupita na mzigo, akapiga honi mbili, watoto wakatoka kumpungia mkono, naye akaendelea. Mwaka uliopita mkewe alihesabu kwenye kalenda ya ukutani siku ambazo mumewe alilala nyumbani. Zilikuwa 52.

Jambo hilo lingeendelea kuchukuliwa la kawaida kama si mwalimu wa darasa la tano kumwita mama shuleni. Watoto walikuwa wametakiwa kuandika insha ya ukurasa mmoja, "Baba Yangu." Kijana wao alikuwa ameandika sentensi tatu: "Baba yangu ni dereva. Ana simu mbili. Akija tunakula kuku." Sehemu iliyobaki ya ukurasa alijaza habari za bibi yake.

Mama aliipiga picha insha ile na kumtumia mumewe, ambaye wakati huo alikuwa kwenye foleni ya malori Tunduma. Hakujibu mpaka kesho yake. Alipopiga simu hakuizungumzia insha. Alisema tu kwamba likizo ya Juni ataomba ruhusa, na kwamba angependa kuwachukua wote, pamoja na bibi, wapite njia anayopita yeye, kisha wafike baharini.

Fedha ya lipu

Mama hakufurahi. Walikuwa na shilingi 1,700,000 walizoweka kidogo kidogo kwa ajili ya kupiga lipu nyumba, na fundi alikwisha kuja kupima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: safari inakwisha, ukuta unabaki. Tena aliuliza swali ambalo mwanamke yeyote mwenye mume wa barabarani angeuliza. Kama mtu amepata ruhusa ya siku nane, kwa nini azitumie barabarani tena, badala ya kukaa nyumbani na wanawe?

Aliyeamua kesi ile ni bibi, mama mzaa baba, mwenye umri wa miaka 74. Hakutoa hotuba. Alimwambia mkwewe, "Mama, nyumba hii nimeishi bila lipu na sijafa. Waacheni watoto wakamwone baba yao anakokaa." Kisha akaongeza kwamba bahari hajawahi kuiona, na hataki kuhadithiwa tena.

Walikubaliana kwa masharti. Lala gesti, si hoteli. Chakula kipikwe, jiko la gesi dogo liende. Gari waliazima kwa shemeji, Noah ya zamani iliyofanyiwa sevisi kwanza, ikabadilishwa matairi mawili ya mbele. Waliondoka Makambako alfajiri ya Jumamosi wakiwa watano: baba, mama, bibi, binti wa kidato cha pili na kijana wa darasa la tano.

Mama ntilie wa Ruaha Mbuyuni

Mtu anayesafiri na dereva wa lori hugundua haraka kwamba dereva ana ramani yake. Wengine waliona vibao vya vijiji. Yeye alionyesha mahali breki za mwenzake zilipokataa, kona ambayo huwa na ukungu, kituo cha mafuta chenye bafu safi, uwanja ambao dereva anaweza kulala bila kuibiwa dizeli. Ilula, ambako nyanya hupangwa barabarani kwenye ndoo, alisimama kununua za safari. Kwenye mlima Kitonga aliwaeleza watoto kwa nini lori lenye shaba hushuka kwa gia ndogo ileile ambayo lingepandia: breki zikitumika mfululizo hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Kijana alitaka kujua mteremko ule unashukwa kwa dakika ngapi. Baba akamjibu kwamba hapo hakuna anayetazama saa.

Chini ya mlima, hewa hubadilika ghafla. Baridi ya Iringa inabaki juu, na bonde la Mto Ruaha Mkuu linapokea wasafiri kwa joto na mibuyu isiyohesabika. Ruaha Mbuyuni, mji mdogo unaojulikana kwa vitunguu, walisimama kula kwenye banda ambalo baba hula kila safari.

Mwenye banda, mama wa makamo, alitoka jikoni akifuta mikono. Alimwangalia binti, akasema, "Wewe ndiye wa kidato cha pili, uliyelazwa na malaria mwezi wa pili. Na huyu ndiye wa darasa la tano, asiyekula maharage." Kisha akamwamkia bibi kwa heshima zote na kumpa kiti chenye kivuli.

Watoto walipigwa na butwaa. Mtu ambaye hawajapata kumwona aliwajua kwa majina, kwa madarasa na kwa maradhi yao. Mama alimtazama yule mwanamke, akatazama masufuria, akamtazama mumewe, kisha akaketi. Baadaye, gari likiwa linaondoka, aliuliza kwa sauti ya utani isiyo ya utani sana, "Na mimi ananijuaje?" Baba akajibu, "Anajua wewe ndiye uliyehesabu siku 52. Alinisema wiki nzima." Hapo mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Makambako.

Binti, ambaye njia nzima alikuwa na spika za masikioni, alizitoa.

Mikumi: siku ambayo dereva hakujua kitu

Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Dereva yeyote wa njia hiyo huwaona twiga, swala na nyani bila kulipa chochote, na huona pia matuta, vibao vya kupunguza mwendo na mabango yanayotaja faini kwa anayemgonga mnyama. Lakini hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Kinachoonekana barabarani ni upenyo mdogo tu. Katika miaka yake 16, baba alikuwa amepita hapo mamia ya mara, usiku na mchana, na hajawahi kuingia langoni hata mara moja.

Walilala mji wa Mikumi, nje ya hifadhi, wakaingia asubuhi na mapema baada ya kulipa kiingilio. Walichukua mwongozaji akaketi mbele, baba akabaki kwenye usukani. Humo ndani utaratibu uligeuka. Mtu aliyekuwa anajua kila kona tangu Makambako sasa alikuwa anaelekezwa, huku kijana wake akimsahihisha. Baba alisema "swala" kwa kila mwenye pembe. Kijana, aliyejifunza shuleni na kwenye vitabu vya maktaba, alimtenganishia: yule ni kongoni, yule mkubwa kama ng'ombe ni pofu, wale wadogo ndio swala pala. Mwongozaji akathibitisha. Baba akacheka, akaanza kumuuliza mwanawe maswali, na kijana akawa mwalimu kwa saa nzima.

Kwenye mbuga ya Mkata, uwanda wa nyasi ambao Juni huanza kugeuka rangi ya dhahabu, waliona nyumbu na pundamilia wakiwa pamoja, nyati kwa mbali, na familia ya tembo sita ikivuka njia bila haraka. Kwenye bwawa la viboko walikaa muda mrefu. Simba hawakumwona. Kijana alinuna, mpaka bibi alipomuuliza kama alitaka kumwona simba au kuonwa naye.

Tembo walipokuwa wanavuka, baba alizima injini. Kwa sauti ya chini alisimulia kwamba usiku mmoja alisimama barabarani karibu na hapo, taa zikiwa zimezimwa, akasubiri kundi kama hilo lipite, na aliwaza kuwapigia simu nyumbani lakini ilikuwa saa nane za usiku. "Ungepiga tu," binti akasema. Hakuna aliyeongeza neno.

Mkonge wa bibi

Siku ya tatu walipita Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa kulia kwao, wakaelekea Chalinze. Njiani kuna mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka hadi macho yanapoishia. Bibi, aliyekuwa akisinzia, aliomba gari lisimame.

Alishuka, akavuka mtaro, akashika jani moja la mkonge kwenye ncha. Kisha akasimulia jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Baba yake alikuwa manamba. Wakati wa ukoloni, maelfu ya vijana kutoka Njombe na nyanda za juu walichukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakipewa namba, na jina hilo la manamba likawashika. Baba yake aliondoka bibi akiwa bado anabebwa mgongoni. Aliporudi, bibi alikuwa binti wa kuchota maji. Alimwona mwanamume amesimama uani na sanduku la bati, akakimbia kujificha kwa jirani. Alikaa huko mpaka jioni.

"Alinunua blanketi, akanunua baiskeli, akanunua bati za nyumba," bibi alisema. "Lakini mpaka anakufa nilikuwa namwamkia kama mgeni. Hakukosa kitu yule mzee. Hatukuzoeana tu."

Alirudi garini akaomba maji ya kunywa. Baba aliendesha mpaka Chalinze bila kuwasha redio.

Hapo ndipo mama naye alipoelewa kwa nini mkwewe aliupuuza mjadala wa lipu.

Saadani, ambako pori linakutana na bahari

Kutoka Chalinze walishika barabara ya Segera, wakapita Msata hadi Mandera, kisha wakaingia barabara ya vumbi kupitia Miono kwenda Saadani. Hii ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania bara ambako nyika ya wanyama inafika hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi. Ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ndani yake kuna twiga na kasa, nyati na kamba wa baharini, mto wenye viboko na mikoko inayolindwa na maji ya chumvi.

Kabla ya kufika, tairi la nyuma lilipasuka. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, hakuna nyumba inayoonekana. Baba alitoa jeki, binti akashika wili spana, kijana akaweka mawe nyuma ya matairi kama alivyoelekezwa. Kazi ilichukua dakika ishirini, lakini maswali yalichukua muda zaidi. Binti aliuliza inakuwaje likipasuka la lori, usiku, akiwa peke yake.

Angeweza kumjibu kwamba amezoea. Ndivyo alivyokuwa akijibu siku zote kwenye simu. Safari hii alimwambia ukweli: kwamba huwa anaogopa. Kwamba huweka matawi barabarani, anafungua nati huku akisikiliza kila mlio. Kwamba utingo aliyefanya naye kazi miaka mitatu alifariki kwa kugongwa akiwa anabadilisha tairi, na yeye ndiye aliyepeleka taarifa kwa wazazi wake. Na kwamba siku zile anapopiga simu na kuuliza maswali yaleyale, umekula, umesoma, huwa hana jambo la kuuliza. Anataka tu kusikia kelele za nyumbani.

Walilala kwenye vibanda vya hifadhi. Jioni ile walimpeleka bibi ufukweni, lakini maji yalikuwa yamekupwa. Aliona tope, mchanga na wavuvi waliojipinda kwa mbali. Hakusema kitu. Asubuhi alipotoka, bahari ilikuwa imejaa hadi karibu na minazi, inameremeta. Bibi alisimama na kanga yake mabegani, akawageukia kwa hasira kidogo: "Jana mlinionyesha bahari mbovu kwa nini?"

Siku hiyo walipanda boti kwenye Mto Wami. Viboko waliinua vichwa, mamba wawili walijitosa majini, na ndege weupe walijaa kwenye mikoko. Wale wanaotarajia tembo wakioga baharini, kama kwenye picha, wajue kwamba hiyo ni bahati ya wachache. Familia hii iliona kuro, ngiri, twiga na nyani mmoja aliyeiba mkate wao wote wa asubuhi.

Bagamoyo: mahali pa kutua mzigo

Siku mbili za mwisho walizitumia Bagamoyo. Kaole waliona magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya mji wa Waswahili uliostawi karne nyingi zilizopita. Kuna mbuyu mkongwe ambao wenyeji husema ukiuzunguka unaongeza umri. Bibi aliuzunguka mara moja tu. Alisema inatosha, asije akawachosha watu.

Mjini walionyeshwa jengo la Karavansarai, walikofikia misafara iliyotoka bara. Watu wa Bagamoyo wana maelezo zaidi ya moja kuhusu jina la mji wao. Wapo wanaosema ni wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kutoka mbali kama Ujiji, safari ya takribani kilomita 1,200, ndio waliofika pwani wakabwaga mizigo na moyo ukatulia. Wengine husema ni waliotekwa utumwani waliouita hivyo, maana hapo ndipo walipoiacha mioyo yao kabla ya kupakiwa majahazini. Mji ule una yote mawili, na mzazi anayewapeleka watoto hana haja ya kuwaficha lolote.

Kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 walisikia habari za Chuma na Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa leo Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu kwa takribani miezi tisa, hadi walipofika Bagamoyo Februari 1874. Kijana wa darasa la tano alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama watu hao walipita njia ya baba. Baba alifikiri, akasema si njia ileile, lakini walitoka hukohuko. "Basi na wao walikuwa madereva," kijana akasema, "ila hawakuwa na gari."

Baada ya safari

Itakuwa uongo kusema siku nane zilibadilisha kila kitu. Ruhusa ilikwisha, baba akapanda lori. Kuta za nyumba ya Makambako bado hazijapigwa lipu, na mama hukumbusha jambo hilo kila mvua inaponyesha. Naye anasema wazi kwamba safari moja haileti mzazi nyumbani. Kinachomleta ni ratiba. Kwa hiyo walikaa wakaandika yao. Baba aliomba kwa mwajiri wake apangiwe safari za ndani kila baada ya safari mbili za Kongo, kwa malipo pungufu. Wamekubaliana kuishi na pengo hilo mpaka binti amalize kidato cha nne, kisha watahesabu upya.

Kilichobadilika zaidi ni simu. Zamani baba alikuwa "njiani." Sasa akisema yuko Kitonga, kijana huuliza kama kuna ukungu. Akisema yuko Ruaha Mbuyuni, binti humwambia amsalimie mama wa banda. Akiingia Mikumi usiku hupiga hata kama ni saa nane, na bibi, ambaye halali sana, ndiye hupokea.

Si kila familia inaweza kwenda Saadani, na si lazima. Mzazi anayefanya kazi mbali anaweza kuanza kwa kumpeleka mtoto siku moja gereji, bandarini, shambani au kambini, mahali popote panaporuhusiwa, amwonyeshe anakokaa, anakokula na anayemfahamu huko. Wanaoweza safari ndefu, miezi ya kiangazi kuanzia Juni ni mizuri kwa barabara za hifadhini. Wabebe vitambulisho vya taifa, maana kiingilio cha Watanzania ni nafuu kuliko cha wageni, na wakumbuke kuwa kuingia asubuhi ni faida. Maji ya kutosha, tairi la akiba lenye upepo, na mkate ufichwe mbali na nyani.

Na kama kuna mzee nyumbani, naye aende. Huenda ana jambo ambalo halijasimuliwa kwa sababu tu gari halijawahi kusimama mahali linapopaswa kusimuliwa.